Chai Imemwagika, Nani Alipe?

Mtoto aliyesimama katikati ya vipande vya udongo humwambia mama yake, "Kikombe kimevunjika." Hasemi uongo. Kikombe kweli kimevunjika, na Kiswahili kimempa kitenzi kisichomtaja mtu. Ndivyo ilivyo kwa karatasi iliyochanika, uzi uliokatika na chai iliyomwagika. Kiambishi kile kidogo cha -ik- kimewatoa watu wengi lawamani tangu lugha hii ianze kusemwa, na siku hizi kina kazi ngumu kuliko zamani, kwa sababu chai humwagikia vitu vya bei.

Tuchukue mfano. Ni Lodwar, saa tisa alasiri, joto limepita digrii 35. Mwanafunzi wa chuo ameketi katika hoteli ndogo kando ya barabara iendayo Kakuma. Meza ni ya plastiki, mguu wake mmoja ni mfupi. Juu yake pana glasi ya chai ya maziwa, sukari vijiko vinne, imejaa hadi ukingoni, na laptopu aliyoazimwa aandikie tasnifu yake. Mhudumu anapita na sinia, nguo yake inagusa ukingo wa meza, meza inayumba. Chai inaingia kati ya herufi za kibodi taratibu, kama maji yanavyopotea katika mchanga wa mto Turkwel wakati wa kiangazi. Skrini inapepesa mara mbili. Kabla kitambaa hakijaletwa, mzee wa meza ya pili ameshatoa hukumu: "Pole kijana. Ni shauri ya Mungu."

Walimu wa sarufi wangetaka "shauri la Mungu", lakini mtaani ni "shauri ya Mungu", na husemwa pamoja na ndugu zake wawili: "ajali haina kinga" na lile la matangani, "kazi ya Mungu haina makosa." Mzee hakusudii kufundisha teolojia. Anampoza kijana. Ila maneno yake yamebeba madai mazito, kwamba yupo aliyepanga glasi ile imwagike saa ile, na kwamba kwa hiyo hakuna mwingine wa kuulizwa. Dai la kwanza dini nyingi zitalikubali kwa namna moja au nyingine. La pili ndilo lenye mushkili.

Kwanza laptopu yenyewe, maana haingoji mjadala. Fundi yeyote wa simu na kompyuta atasema hivi: zima papo hapo kwa kubonyeza kitufe cha umeme mpaka izimike, usihangaike kuhifadhi kazi. Chomoa chaja. Betri ikitoka, itoe. Igeuze laptopu kichwa chini, iliyofunguka mfano wa paa la hema, kibodi ikitazama taulo, ili chai irudi ilikotoka badala ya kuendelea kushuka kwenye bodi. Usiitikise. Usiipulizie hewa ya moto, wala usiianike juani, ijapokuwa jua la Turkana linavutia. Betri za lithiamu haziwezani na joto la namna hiyo, huvimba. Kisha ifike kwa fundi aifungue, aisugue bodi kwa spiriti na brashi laini kama ya meno. Kuhusu mchele, ule ushauri wa kufukia kifaa kilicholowa katika gunia la mchele haufai. Mchele hauvuti sukari wala maziwa yaliyoganda juu ya bodi, na vumbi lake huziba matundu. Kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake mwaka 2024 wasizike simu zao mcheleni. Kakuma, ambako mwaka 2015 ulianzishwa mpango wa Bamba Chakula wa kuwapa wakimbizi pesa za simu za kununulia sehemu ya chakula chao, kilo mbili za mchele zina kazi nyingine.

Linalofuata hapa ni kemia, na kemia hii ina neno katika hukumu. Maji matupu peke yake hayapitishi umeme vizuri. Kinachopitisha ni chumvi zilizomo, na chai ya maziwa inazo, kama yalivyo nazo maji ya visima vingi vya Turkana. Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza kwamba chini ya tambarare ya Lotikipi kuna hazina ya maji ya mita za ujazo bilioni 200. Watu walishangilia, hadi vipimo vilipoonyesha kuwa maji yale yana chumvi isiyonyweka. Chumvi ya namna hiyo, ikikutana na umeme juu ya bodi, huitafuna shaba na kuihamisha kutoka waya mmoja kwenda wa pili, ikiacha ukungu wa kijani. Betri ikiwa bado imeunganishwa, ulaji huo unaendelea hata laptopu ikiwa imezimwa. Kinachoua kompyuta, basi, mara nyingi si ile sekunde moja ya kumwagika. Ni saa na siku zinazofuata, na hasa ile hamu isiyozuilika ya kuiwasha "tuone kama bado inafanya kazi."

Hapo ndipo "shauri ya Mungu" inapoanza kuyumba kama ile meza. Sekunde ya kwanza inaweza kuitwa ajali. Kuiwasha usiku ule chumbani, kuifuta juu juu na kumrudishia mwenyewe Jumatatu bila kusema neno, hayo yote ni matendo yenye mtendaji, na hakuna -ik- ya kuyafunika.

Watu wa Turkana, kwa upande wao, wanajua kutofautisha majimaji yanayotoka kwa Mungu na yale yanayotoka kwenye birika. Neno lao Akuj, Mungu, limefungamana na mbingu na mvua. Katika nchi ambayo kwa mwaka wa kawaida haipati hata milimita 250, mvua ni jambo la kupewa. Mtoto aliyezaliwa siku ya mvua huitwa Ekiru au Akiru, na jina hilo huliandika tukio milele. Lakini mvua hiyo hiyo ikinyesha milimani, lagga, yaani mito ya msimu, zilizokuwa kavu asubuhi huja na ukuta wa maji ya tope jioni, na Tarach, mto wa msimu unaopita Kakuma, umeshaingia nyumbani mwa watu zaidi ya mara moja. Duka la kompyuta likisombwa na Tarach, hakuna mwenye akili atakayemwendea fundi na kumdai laptopu yake.

Sheria za Kiingereza zililiona hilo zamani. Mwaka 1876 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya Nichols dhidi ya Marsland. Mwanamke mmoja alikuwa na mabwawa ya mapambo katika shamba lake, mvua isiyo na kifani ikayabomoa, na madaraja ya chini yakachukuliwa na maji. Alionekana hana hatia, kwa kuwa lilikuwa tendo la Mungu. Kenya ilirithi sheria za kawaida za Uingereza, na kikomo cha sheria za Bunge la huko zinazotumika hapa bado kinahesabiwa kwa tarehe ya 12 Agosti 1897, kwa hiyo wazo hilo si geni katika mahakama zetu. Ila angalieni jinsi lilivyobanwa. Mungu wa mahakama anakubaliwa kuingia kortini akiwa amekuja na gharika. Akija na glasi ya chai, jaji atauliza glasi iliwekwa na nani.

Lakini swali la mzee wa meza ya pili ni pana kuliko la jaji. Yeye anauliza kwa nini huyu, kwa nini leo. Jibu maarufu la swali hilo lilitoka katika nchi jirani. Kati ya 1926 na 1930 mwanaanthropolojia Mwingereza Evans-Pritchard aliishi miongoni mwa Azande wa kusini mwa Sudan, na kitabu alichokitoa mwaka 1937 kina mfano ambao wanafalsafa hawajauacha hadi leo. Ghala la nafaka lililosimama juu ya nguzo linaanguka na kuwajeruhi watu waliokuwa chini yake wakipunga upepo kivulini. Azande wanajua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Wanajua pia kwamba watu walikuwa pale kwa sababu ya jua. Wanachotaka kujua ni kwa nini mambo hayo mawili yalikutana dakika ile, na jibu lao lilikuwa uchawi.

Injili ya Luka, sura ya 13, ina jengo lake lililoanguka. Mnara wa Siloamu uliwaua watu 18, na Yesu anakataa katakata wazo kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Anawageuzia swali waulizaji. Kwa hiyo Mkristo wa Lodwar hana ruhusa ya kusema kijana alikuwa na dhambi fulani, na pia hapewi jibu la kwa nini yeye. Anaachwa na chai yake.

Wanafalsafa wa Uingereza na Marekani walilirudia jambo hili mwaka 1976 kwa lugha kavu zaidi, pale Bernard Williams na Thomas Nagel walipoandika juu ya bahati katika maadili. Madereva wawili wamepuuza breki kwa kiasi kile kile. Mmoja anafika nyumbani salama, mwingine mtoto anatokeza barabarani. Uzembe ni ule ule, lakini mmoja atabeba mzigo wa maisha. Ile meza ya Lodwar imekuwa na mguu mfupi kwa miezi. Wateja wangapi wameweka glasi pale, laptopu kando, wakamaliza, wakalipa, wakaenda zao? Wote walifanya alichofanya kijana. Na mwenye hoteli naye? Aliyajua yote na hakuinama. Ukianza kuhesabu wenye sehemu katika chai ile, foleni itafika hadi kwa aliyeitengeneza meza.

Ndiyo maana wanasheria wa dini, watu wasiopenda foleni, waliacha swali la "kwa nini" na kushika la "nani alipe". Na hapa laptopu kuwa ya kuazima ndiko kunakobadilisha kila kitu.

Kakuma ni mji wa vitu vya kuazima. Kambi ilianza 1992, walipofika maelfu ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na wako wageni wanaoandika kwamba jina lake ni Kiswahili chenye maana ya "si popote". Waswahili wanalisoma hilo na kukuna vichwa. Leo kambi na makazi ya Kalobeyei vina watu wengi kuliko miji mingi ya Kenya, na utafiti wa IFC wa mwaka 2018 ulihesabu biashara zaidi ya 2,000. Masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti yamekuwapo tangu 2010 kupitia mpango ambao sasa unaitwa Jesuit Worldwide Learning, na Chuo Kikuu cha Geneva nacho kimeendesha masomo yake huko. Mahali kama hapo laptopu moja hupita mikono mingi: ya mradi, ya maktaba, ya binamu, ya rafiki aliyehamishiwa Canada akaiacha.

Kiswahili kinatenganisha mambo ambayo lugha nyingine huyachanganya. Sukari unaikopa, sufuria unaiazima. Sukari utarudisha nyingine, sufuria lazima irudi ile ile. Kutoka, sura ya 22, inashika jambo hilo kwa ukavu wa mhasibu: aliyeazima mnyama wa jirani, akaumia au akafa mwenyewe hayupo, atalipa, mwenyewe akiwapo, halipi, na kama alikodi, hasara imo ndani ya kodi. Ukiweka laptopu mahali pa punda, sheria ile ya jangwani inafanya kazi vizuri ajabu. Katika duka la intaneti ambako mteja amelipia saa, hasara ni ya duka. Rafiki aliyekuazima, akiwa ameketi mezani pamoja nawe, akiitazama glasi na kunyamaza, hakudai.

Wanazuoni wa Kiislamu waligawanyika, na maneno waliyogawanyikia tunayo vinywani kila siku: amana na dhamana. Madhehebu ya Hanafi yanasema kitu cha kuazima ni amana. Kikiharibika bila uzembe wala kuvuka mipaka, mwazimaji halipi. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu na Wasomali, wakiwemo wengi wa Kakuma, yanasema ni dhamana. Kikiharibika utalipa hata kama hukuzembea, isipokuwa kimechakaa kwa matumizi yale yale uliyoruhusiwa. Herufi za kibodi zikifutika kwa kuandika tasnifu, hudaiwi. Chai si kuandika.

Wenye kusema dhamana hutegemea kisa cha Safwan bin Umayya. Kabla ya vita vya Hunain, mwaka 630, Mtume Muhammad alitaka deraya za Safwan, bwana wa Makka ambaye wakati huo alikuwa hajasilimu. Safwan akauliza kama ananyang'anywa. Akaambiwa la, ni azima yenye dhamana. Baadhi ya deraya zilipotea vitani. Mtume akataka kuzilipa, na Safwan akakataa malipo kwa kuwa moyo wake ulikuwa umeshabadilika. Upo na mkasa wa nyumbani, uliopokewa na Bukhari kutoka kwa Anas: mmoja wa wake za Mtume, kwa wivu, alisababisha bakuli lililoletwa na chakula kutoka kwa mke mwenzake lianguke. Mtume aliokota vipande, akakusanya chakula, kisha akalipeleka bakuli zima kwa aliyevunjiwa, na lile lililovunjika likabaki nyumba ya aliyevunja. Hakuna aliyeitwa mwovu. Bakuli lililipwa.

Kisa cha Safwan kina jambo ambalo ni rahisi kulipita. Kusamehe kulitoka kwa mwenye deraya. Aliyeazima hakusema zimekwenda kwa kadari, ingawa hakuna aliyeiamini kadari kuliko yeye. Alikuja na malipo. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hilo ndilo kosa la mzee wa meza ya pili: maneno yake ni ya kweli, ila ameyaweka katika kinywa kisicho chake. "Kazi ya Mungu haina makosa" ni haki ya mwenye laptopu kuyasema, akitaka. Kijana akiyatanguliza, anajisamehe deni kwa jina la Mungu. Na hata akikimbilia Hanafi, aliiwasha usiku? Basi amevuka mipaka, na amana yake imegeuka dhamana.

Sahih Muslim ina Hadithi inayokataza kukaa kwenye "lau", kwamba lau ningefanya hivi ingekuwa vile, kwa kuwa neno hilo humfungulia shetani mlango. Kiswahili kimelichukua "lau" hilo hilo pamoja na mlango wake. Wengi huinukuu Hadithi hiyo baada ya hasara na kusahau mwanzo wake, unaomtaka mtu akazanie linalomfaa na asilegee. Tirmidhi naye amepokea habari za yule aliyeuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge na amtegemee. Walioiita kompyuta "ngamizi" huenda hawakumkumbuka ngamia huyo, lakini jina limeangukia pazuri.

Ugumu uliobaki ni pesa. Dhamana ni maneno matamu kwa mwenye nacho. Mwanafunzi anayeishi kwa mgao hawezi kulipa laptopu hata kwa mwaka mzima, na hapo Waturkana wana jibu ambalo vitabu vya sheria havina. Mwanaanthropolojia Philip Gulliver, katika kitabu chake cha 1955 kuhusu mifugo ya Waturkana na Wajie, alieleza jinsi kila mwanamume anavyojenga maisha yake juu ya marafiki wa mifugo. Leo unampa mbuzi, kesho ukame ukikufilisi unamwendea na kumwomba waziwazi, na aibu ni ya anayenyima. Wasomali wana chao, kundi la ukoo linalobeba pamoja diya, yaani fidia ya damu, ya mmoja wao. Katika mifumo yote miwili mdaiwa hakwepi deni. Deni linapata mabega mengi. Wanafunzi wenzake wakichanga mia mia, fundi atapata ya spiriti na saa zake, na pengine ya kibodi mpya.

Tasnifu ni jambo jingine. Mwanamke wa Tekoa alimwambia Mfalme Daudi, katika 2 Samweli 14, kwamba wanadamu ni kama maji yaliyomwagwa ambayo hayazoleki tena. Methali yetu imesema vivyo hivyo bila kupitia Yerusalemu. Laptopu za zamani zina diski inayoweza kufunguliwa na kusomwa kwenye mashine nyingine. Katika baadhi ya za sasa, kumbukumbu imebandikwa kwenye bodi yenyewe, na bodi ikifa imekwenda nayo. Hakuna madhehebu yaliyoweka bei ya sura tatu zilizoandikwa usiku kwa mwanga wa sola.

Wanaoazimisha wanafunzi laptopu Lodwar na Kakuma wana fomu za kutia sahihi. Waongeze mstari mmoja, kwa Kiswahili, Kisomali, Kiarabu na Kiturkana, unaosema kama ni amana au dhamana, na kwamba anayeripoti siku ile ile hataadhibiwa, maana fundi anayeipata kesho yake ana nafasi kubwa kuliko anayeipata baada ya wiki. Na mwenye hoteli, kama makala haya yatamfikia, akunje kipande cha kadibodi akiweke chini ya ule mguu mfupi.